Unampikia Nani?

Mtu anayerudi Dar kutoka Mwanza, hata umkute amevaa suti na miwani ya jua, utamjua tu kwa boksi lake. Liko pale chini kwenye foleni ya uwanja wa ndege, limezungushiwa selotepu kila upande, ndani kuna sato na sangara waliogandishwa, na mwenye boksi anajifanya halimhusu. Mimi boksi hilo nimelibeba miaka mingi. Nimewapelekea mabosi, nimewapelekea mashosti, na mama mkwe mtarajiwa nimempelekea mara mbili. Lakini kuna kitu kimoja sijawahi kukipakia, na ndicho kilichonifanya niandike ukurasa huu badala ya ile hoteli ya Capri Point niliyowaahidi mwezi uliopita. Hoteli itakuja, msininunie.

Kitu chenyewe ni dagaa.

Nimezaliwa Mwanza, Mabatini, kule juu ambako nyumba zimebanana na mawe na ukisahau chumvi dukani unapanda mlima mara ya pili. Mama yangu aliuza dagaa. Si kwa magunia, alikuwa na meza, kopo la kupimia na gazeti la kufungia. Dagaa hao walinisomesha sekondari, wakanipeleka mpaka Nyegezi, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, nikachukua digrii yangu ya mawasiliano ya umma. Siku ya kujiandikisha fomu iliuliza kazi ya mzazi, nikaandika "mfanyabiashara". Si uongo, eti? Lakini mwenzangu, nilijua nilichokuwa nakificha. Tangu darasa la tano sketi yangu ilinukia dagaa, na kuna msichana tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja alikuwa na tabia ya kusoma huku daftari limemfunika pua. Nilijiapiza kwamba nikishakuwa mkubwa dagaa na mimi basi. Na kweli, nimekaa Dar zaidi ya miaka kumi, jikoni kwangu hajaingia hata mmoja.

Sasa mwaka huu mama akapata kiharusi. Si kikubwa, tunamshukuru Mungu, mkono wa kushoto umelegea na maneno yanatoka polepole, lakini akili iko palepale na ukali uko palepale. Tatizo likawa kula. Dada yangu anayekaa naye akanitwangia simu usiku.

"Mama hali. Uji vijiko vitatu, supu ya kuku anaisukuma. Anataka dagaa."

"Si umpikie?"

"Nimempikia mara nne. Anaonja mmoja, anasukuma sahani, anasema hawa si dagaa. Daktari karuhusu, mradi wawe laini na chumvi kidogo. Mimi nimechoka, njoo umtafutie hao dagaa wake mwenyewe."

Nikakata tiketi.

Kwa wasomaji ambao hawajafika, ndege inaposhuka Mwanza kaa dirishani. Unaona maji, maji, maji, halafu mawe makubwa yamepangana kama vile mtu aliacha kazi njiani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko upande wetu wa Tanzania. Kutoka uwanjani unaingia mjini kupitia Pasiansi na Kirumba, na ukienda mpaka ufukweni katikati ya mji utaliona lile jiwe la Bismarck limesimama majini, ambalo kila mgeni lazima apige nalo picha. Mimi safari hii sikufika huko. Nilimwambia dereva wa teksi anishushe Kirumba, Mwaloni.

Mwaloni maana yake ni pale mitumbwi inapotia nanga, na mialo iko mingi kuzunguka ziwa. Lakini mtu akisema Mwaloni tu, bila kuongeza neno, anasema soko la Kirumba. Dagaa na samaki wakavu wanafika hapa kwa boti kutoka visiwani, halafu wanaondoka kwa malori kwenda mikoani, Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Ukiingia, cha kwanza ni harufu. Sitaipamba. Harufu inakupokea getini kama shangazi aliyekumiss, inakukumbatia na haikuachii mpaka ukaoge. Cha pili ni magunia. Makuli wanapita mbio na gunia kichwani wakipiga kelele upishe, na usipopisha ni shauri yako. Cha tatu ni wale makorongo wakubwa wenye vipara, wanatembea taratibu katikati ya watu kama maofisa wa ushuru.

Nilianza kuuliza dagaa wazuri. Kosa. Hapo kila mtu ana dagaa wazuri. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeonjeshwa aina sita, nimeitwa "dada", "mchumba" na "mama Dar", na sikuweza kutofautisha hata mmoja na mwenzake. Mtoto wa muuza dagaa mimi! Kuli mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mkokoteni akinywa maji akanionea huruma.

"Unataka wa biashara au wa kula?"

"Wa kula. Wa mgonjwa."

"Basi hapa utapoteza muda. Nenda kule nyuma, kuna mayu mmoja duka lake lina mlango wa bluu. Ila ujiandae, anauliza maswali."

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Kumwita mwanamke mtu mzima hivyo ni heshima, na huyo wa mlango wa bluu nitaendelea kumwita hivyo hivyo, maana aliniambia nisimtaje jina, "nisije nikaletewa foleni ya watu wa Dar".

Duka lenyewe ni chumba kimoja, sakafu ya saruji, limefagiwa mpaka linang'aa. Nilitegemea magunia, nikakuta ndoo nyeupe za plastiki zenye mifuniko, zimepangwa juu ya mbao pande tatu, na kila ndoo imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Ukara. Ukerewe. Kome. Goziba. Chini ya jina la kisiwa kuna tarehe, na chini ya tarehe kuna neno moja: jua, mawingu, upepo. Nikauliza hayo maneno ya nini.

"Hali ya hewa siku walipoanikwa," akasema, kama vile nimeuliza namba kwenye kalenda ni za nini.

"Mwangaluka, mayu," nikakumbuka adabu.

"Mwangaluka, mhola." Akanitazama kuanzia viatu. "Kisukuma chako kinaishia hapo hapo, au kinaendelea?"

Kinaishia hapo hapo. Yaani nakisikia, lakini kukiongea nababaika. Akacheka, akanivutia kigoda.

Nikamwambia nataka kilo mbili za dagaa. Hakugusa ndoo hata moja.

"Unampikia nani?"

Niwaambie kitu. Miaka kadhaa iliyopita nilibahatika kwenda Ufaransa kwa semina ya waandishi, na mwenyeji wangu akanipeleka kwenye duka linalouza jibini tu, ile tunayoiita chizi. Mimi nilijua chizi ni moja, ile ya njano inayowekwa kwenye mkate. Kule zilikuwa nyingi mpaka nikapata kizunguzungu, nyingine zina ukungu wa bluu, nyingine zinanuka soksi, na muuzaji anazishika kama watoto wachanga. Nilipochagua moja, hakuniuliza nataka gramu ngapi. Aliuliza italiwa leo au kesho, kisha akaanza kuzibonyezabonyeza kwa kidole gumba mpaka akapata iliyokuwa tayari kwa siku hiyo. Niliporudi niliwasimulia watu ofisini jinsi Wazungu wanavyoheshimu chakula. Na niliandika! Wasomaji wa siku nyingi wanakumbuka. Sasa nimekaa kwenye kigoda Kirumba, kilomita chache kutoka nilikozaliwa, mama wa Kisukuma ananiuliza swali la aina ile ile, na harufu nayo, tuseme ukweli, haikupishana sana.

"Mama yangu," nikasema. "Anaumwa. Kiharusi. Hali."

Akaacha kutabasamu, akavuta kigoda chake akakaa.

"Ana meno?"

"Anayo."

"Anameza vizuri?"

"Polepole."

"Alizoea dagaa wa wapi?"

Kimya.

"Alikuwa anawatoa vichwa au anawapika na vichwa?"

Kimya.

"Anawaosha kwa maji ya moto, au anawapitisha kwanza kwenye kikaango kikavu?"

Hapo ndipo nilipotamani sakafu ipasuke. Nimekula dagaa wa mama kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na minane. Naweza kukueleza rangi ya meza yake, naweza kukutajia wateja waliomkopa wakahama mtaa. Alivyokuwa akiwapika sikuwahi kutazama, kwa sababu muda wote huo nilikuwa nimekaa mlangoni na kitabu, nimegeuza uso nje.

"Sijui, mayu."

Hakunisuta. Alisimama tu akafungua ndoo ya kwanza, na somo likaanza.

Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wadogo wa rangi ya fedha, wengi hawafiki urefu wa kidole. Wakenya wanawaita omena, Waganda wanawaita mukene. Si ndugu wa karibu wa dagaa wa Kigoma, hao ni samaki wengine kabisa wa Ziwa Tanganyika, ingawa sokoni wote ni dagaa. Hilo lilimpandisha mayu hasira. "Huko kwenu Dar," akasema, "mtu akipata dagaa wangu wazuri anawabandika jina la Kigoma ili bei ipande. Wakiwa wabaya, ndiyo anasema wa Mwanza." Nikamsimulia kwamba Wafaransa waliliona tatizo hilo zamani, na tangu 1925 jibini lao la Roquefort linalindwa kisheria, huwezi kutengeneza yako kwenu ukaipa jina hilo. Akanifanya nirudie mara mbili. "Elfu moja mia tisa ishirini na tano? Na sisi tunasubiri nini?"

Dagaa wanavuliwa usiku, kwenye giza. Wavuvi wanatoka na taa, zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wanatumia taa za betri na sola, wanaziacha zikielea majini na dagaa wanaufuata mwanga mpaka wanazingirwa na wavu. Ukisimama kilimani usiku wa giza unaona ziwa limejaa taa kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mayu anaishi kwa kalenda ya mwezi. Anajua tarehe ambayo mzigo utaadimika, na anajua kwamba wanaouzwa siku hizo kwa jina la "wa leo" si wa leo.

Halafu kuna kuanika, na hapa mama yetu huyu anageuka mhubiri. Wengi wanaanikwa chini, juu ya mchanga au nyasi, kwa sababu ndiyo njia rahisi. Vumbi linaingia, kuku wanapita, na mchanga unakwenda na dagaa mpaka kwenye meno yako. Wengine wanaanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa chini, hao nafuu kidogo. Na wengine, wachache, wanaanikwa juu ya chanja, meza ya miti yenye wavu iliyonyanyuliwa kutoka ardhini, upepo unapita chini, jua linapiga juu, na siku ikiwa njema wanakauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha wakiwa hawajakauka, matumbo yanapasuka, mafuta yao yanachacha, wanageuka rangi kuwa wekundu wekundu. Hao wanauzwa kwa chakula cha kuku na nguruwe. "Au wanauzwa kwa watu wasiouliza," akasema mayu.

Alinifundisha kupima. Unachukua konzi moja, unaitikisa juu ya sinia la bati na kusikiliza. Ukisikia kama mvua ya rasharasha, huo ni mchanga. Halafu unamchukua mmoja unamkunja, anatakiwa avunjike, asipinde. Unatazama tumbo kama ni zima, kichwa kama kipo, ngozi kama bado ina ile fedha yake. Mwisho unanusa. Mzuri ananukia ziwa. Mbaya ananukia mafuta ya jana. Alinifanya nifumbe macho nionje kutoka ndoo tatu, na niamini msomaji, kwa mara ya kwanza nikasikia tofauti. Wa kwanza alikuwa mtamu kwa mbali, kama karanga. Wa pili mkali. Wa tatu uliniachia uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Nikasema wa kwanza.

"Huyo ni wa Ukara, wa chanja, siku ya jua," akasema. Nikajiona nimefaulu mtihani wa taifa.

Nilimuuliza alianzaje. Alikuwa akifunika ndoo, akaendelea kuifunika.

Alianza akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, ameachika, ana mtoto mgongoni. Alikwenda kisiwani kununua dagaa wabichi awaanike. Huko kambini mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, na tajiri ndiye anayeamua nani apewe mzigo mtumbwi ukifika alfajiri. Wanawake wako hamsini, ndoo za dagaa ni thelathini. "Pesa mkononi unayo," akasema mayu, "lakini pesa kila mtu anayo. Kwa hiyo wanataka kitu cha juu ya pesa. Umeelewa, au nikuandikie?"

Nimeelewa. Jambo hili linajulikana kuzunguka ziwa lote. Upande wa Kenya lina jina kabisa, wanaliita jaboya, na huko karibu na Kisumu, kwenye ufukwe wa Nduru, wanawake waliamua kuwa na mitumbwi yao wenyewe wawaajiri wavuvi, wakakipa kikundi chao jina la Kiingereza lisilo na mafumbo, No Sex for Fish. Sisi kwenye magazeti yetu ya mapenzi tunaandika kila mwezi namna ya kumfurahisha mwanaume na namna ya kujua kama anakupenda, na hapo nilipokaa niliona aibu kidogo ya kurasa zetu.

Mayu alikaa kambini miaka mitatu. Hakuniambia yote na sikumuuliza yote. Alichoniambia ni kwamba walikuwa marafiki watano, walichangishana kidogo kidogo kwenye kibubu, wakanunua mtumbwi wa kwanza uliokuwa unavuja, wakauziba, wakamtafuta mvuvi mzee asiye na makuu. Wawili kati ya wale watano hawapo tena. "Gonjwa," akasema, neno moja tu, na wa Mwanza wa miaka ile tunajua ni lipi. Tangu siku waliyopata mtumbwi hakuwahi tena kusimama mwaloni alfajiri akisubiri mwanaume aamue. "Ndiyo maana dagaa wangu nawabandika karatasi. Mtu anayejua alichokilipa kitu hakiuzi bila jina."

Hapo nikamfikiria mama. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kabla ya kupata ile meza ya Mabatini kuna miaka alikuwa akienda visiwani, akituacha kwa bibi. Alikuwa anarudi na gunia, amekonda, hataki kuongea. Sikuwahi kumuuliza alilipataje gunia. Hata sasa, wakati naandika, sijamuuliza, na sidhani kama ni swali la mtoto kwa mama yake.

"Mpigie," mayu akasema ghafla.

"Nani?"

"Mama yako. Nimuulize mwenyewe anataka nini. Mgonjwa haagiziwi chakula kama mahabusu."

Nikampigia dada, dada akamwekea mama simu sikioni, mimi nikampa mayu yangu. Wapendwa, mama yangu kwa wiki nne alikuwa anaongea sentensi za maneno matatu. Nikamsikia kwenye simu, sauti nzito, polepole, lakini haikati. Waliongea Kisukuma. Kwanza salamu, na salamu za Kisukuma hazina haraka, zinapita kwenye ukoo, ng'ombe na mvua. Halafu nikasikia neno Ukara, neno Goziba, mayu akasema hapana, mama akasema jambo refu, mayu akainuka akaanza kutembea chumbani akirusha mkono. Walikuwa wanabishana! Nilishika hiki na kile: mama alikuwa akisema wa wavu wana ladha kuliko wa chanja kwa sababu wanapata joto la ardhi, na mayu anamwambia hilo ni wazo la watu wa zamani. Mama akacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu, ule mcheko wake wa puani. Dada baadaye aliniambia alilazimika kutoka nje alie kidogo.

Dakika kumi na tano, salio langu. Mayu alipokata simu alikuwa anahema.

"Mwanamke anajua huyu," akasema. "Anajua kabisa. Mbona hukuniambia kama alikuwa kwenye kazi?"

Sikujibu.

Akafungua ndoo ya mwisho kabisa, iliyokuwa chini ya mbao, wa Ukerewe, wa wavu, jua. Akapima kilo moja, sio mbili. "Zikiisha anipigie mwenyewe, nitatuma." Akaniandikia maelekezo nyuma ya bahasha: usitoe vichwa, wapitishe kwenye kikaango kikavu moto mdogo mpaka wanukie, waoshe kwa maji ya moto mara mbili, halafu wachemshe polepole na nyanya na karanga iliyosagwa mpaka walainike kabisa, chumvi weka ya kunuia tu. Nilipokuwa nahesabu pesa nikajikaza nikauliza.

"Mayu, kasema nini kuhusu mimi? Nilisikia jina langu."

Akaniangalia. Nadhani alipima kama nitavunjika au nitapinda.

"Kasema wewe mwambie bei yoyote, hutajua. Kasema ulikuwa unaona haya." Akafunga fundo la mfuko. "Halafu akasema ndiyo maana alikuwa anakufulia ile sketi usiku, kwa limao, uikute imekauka asubuhi. Ng'wanawane, hilo limao lilikuwa linanunuliwa."

Sketi. Mimi nilidhani ilikuwa inanukia kwa sababu hakuna aliyejali. Kumbe hiyo ndiyo harufu iliyobaki baada ya limao.

Kutoka Kirumba mpaka Mabatini nilikaa na ule mfuko mapajani. Dereva akafungua dirisha bila kusema kitu, nikamwambia funga. Njiani alinihadithia daraja, maana siku hizi Mwanza huwezi kumaliza safari bila kuhadithiwa daraja la Kigongo na Busisi, lile la kilomita takriban tatu lililofunguliwa Juni 2025, jinsi watu wa Sengerema walivyokuwa wakilala kwenye foleni ya kivuko na sasa wanapita kwa dakika chache. Namheshimu, lakini sikumsikiliza vizuri.

Nilipika mwenyewe. Dada alikaa mlangoni na simu yake, amegeuza uso nje, nikataka kumwambia kitu nikaacha. Kikaango kikavu, moto mdogo. Waliponza kunukia, kuta zote za nyumba ile zilikumbuka, na jirani akauliza kwa juu ya ukuta, "Mama kaanza tena biashara?" Nikaosha mara mbili, nikatia nyanya, nikatia karanga, nikasubiri. Mchumba wangu akapiga simu ya video kutoka Dar katikati ya moshi, akaniuliza nafanya nini, hajawahi kuniona nimefunga kanga kichwani namna ile. Nikageuza simu nikamwonyesha sufuria. Nikamwambia mama yangu aliuza dagaa, meza ya kopo na gazeti, ndio walionisomesha. Tuko pamoja miaka mitatu na alikuwa hajui. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa mbona unanipelekea sato tu siku zote?"

Mama tulimkalisha kwa mito. Ugali mlaini, dagaa wamelainika kwenye mchuzi mzito. Nilimlisha kijiko cha kwanza mwenyewe. Alikishikilia mdomoni muda mrefu, macho yamefungwa, mimi na dada tumeganda kama tunasubiri matokeo. Akameza. Akafungua mdomo kwa cha pili. Alipofika cha saba, kwa sababu nilikuwa nahesabu, akanizuia mkono.

"Kilo shilingi ngapi?" akauliza.

Nikamtajia.

"Wamekuibia," akasema mama, akafungua mdomo.